Nani alimfungua Lazaro sanda?



Katika Yohana 11, Lazaro anatoka kaburini akiwa hai, lakini mikono na miguu bado imefungwa sanda. Yesu aliyemfufua angeweza kumvua sanda ile kwa neno moja tu. Kazi hiyo akawaachia watu waliosimama pale.

Namfikiria kijana anayetoka nyumba ya upataji nafuu baada ya miezi kadhaa bila unga. Yuko hai. Lakini namba zilizomo kwenye simu yake ni zilezile za kijiweni, nyumbani wanaficha pochi akipita, nasi kanisani tunataka asimame Jumapili hiyohiyo atoe ushuhuda. Tunapiga vigelegele, kisha Jumatatu hakuna anayemjulia hali. (Akiteleza, habari hutufikia upesi sana.)

Kipindi hicho ni cha hatari kuliko wengi tunavyodhani. Mwili uliokaa muda bila heroini hauwezi tena kuhimili kiasi ulichokizoea. Akirudia kipimo cha zamani, anaweza kuacha kupumua na kufa. Kwa hiyo siku akiteleza anahitaji mtu wa kumwambia ukweli bila kuogopa kufukuzwa.

Si lazima watu hao wawe wengi. Mmoja apokee simu usiku wa manane. Mwingine ampe kibarua, wakubaliane pia jinsi ya kumlipa, maana fedha nyingi kwa mkupuo ni jaribu. Wa tatu awe amepita njia hiyohiyo. Mwaka 1935, Bill Wilson, Mmarekani aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alishikwa na kiu akiwa hotelini Akron. Alimpigia simu mchungaji asiyemfahamu, na kupitia simu hiyo akafikishwa kwa mlevi mwenzake, daktari Bob Smith. Hapo ndipo ulipozaliwa ushirika wa Alcoholics Anonymous.

Kuna jambo linaniuma. Wapo wanaowaambia waraibu waache methadoni ili kuonyesha imani. Jamani, tusifanye hivyo! Tiba hiyo, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kuikatisha ghafla humrudisha mtu kwenye arosto na kijiweni. Kama jirani yako yumo kwenye tiba hiyo, muulize anakwenda kliniki saa ngapi, na kama ana nauli ya kesho.