Sura ya Saba: Geuza Uzidishe, Lakini kwa Nini?

Katika makosa ninayoyakuta kwa watu wazima wenye vyeti vyao, hakuna lililoota mizizi kama hili: kwamba kugawanya lazima kupunguze. Waambie 3 ÷ 1/4 ni 12, wanakutazama kama umewapunja. Basi chukua kilo tatu za sukari, uzifunge kwenye mifuko ya robo kilo, uhesabu mifuko. Ni 12. Sukari haikuongezeka. Kilichoulizwa ni robo zinaingia mara ngapi katika tatu, na kila kilo ina robo nne. Ile "geuza uzidishe" inayoimbishwa madarasani imetoka hapo. Wanaoiuza kwenye tuisheni kama siri ya kufaulu mtihani wanawanyima watoto sababu yake, nayo ni nyepesi kuliko wimbo wenyewe.

Chukua sasa 2/3 ÷ 1/4. Linganisha asili: 8/12 na 3/12. Vipande vimekuwa vya ukubwa mmoja, asili haina kazi tena, limebaki swali la 8 ÷ 3, yaani 2 na 2/3. Hapa wengi hunasa. Ukiwa na theluthi mbili za kilo ya sukari utajaza mifuko miwili, na kinachobaki si theluthi mbili za kilo. Ni theluthi mbili za mfuko, ambazo ni sudusi ya kilo. Asiyejiuliza "sehemu ya nini?" atakosea hata akiwa na kikokotoo mkononi.

Kurahisisha nako hakupunguzi kitu. 18/24 na 3/4 ni namba ileile, kwa kuwa kiasi na asili vimegawanywa vyote kwa 6. Wapo wanaofuta tarakimu zinazofanana: katika 16/64 wanafuta 6 na kupata 1/4, jibu sahihi kwa bahati tu. Wafute 2 katika 12/24 waone wanapata nini.

Nilipanga kutoka hapa niende kwenye desimali, ila siwezi kuipita mirathi. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, aliitengea mirathi na wasia nafasi kubwa. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Kwa sheria ya Kiislamu, mke ana thumni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha asili hizo ni 24, na mafungu ni 3, 16, 4 na 4. Jumlisha: 27. Mali ina mafungu 24, warithi wanadai 27!

Asiyejua hesabu atakwambia kuna mtu lazima akose. Mafakihi wa Kisunni hawakumkosesha mtu. Wanatumia aul: viasi vinaachwa vilivyo, asili inakuwa 27, na kila mrithi anapunguziwa kwa uwiano mmoja. Mke anapata 3/27, ukirahisisha ni 1/9. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa mas'ala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imegeuka tusui, kisha akaendelea na hotuba yake. Ndiyo maana yanaitwa Mimbariyya. Nayapenda kuliko mfano wowote wa chungwa lililokatwa vipande, maana hapa kurahisisha kunamwambia mjane haki yake.

Na hapa hapa desimali huleta hasara. 1/8 ni 0.125 kamili, kwa sababu asili ya sehemu iliyokwisha kurahisishwa ikijengwa kwa 2 na 5 pekee, desimali hufika mwisho. Asili ya 1/9 imejengwa kwa 3, kwa hiyo 0.111… haina kikomo. Karani akiandika 0.11 kwenye mali ya shilingi 27,000,000, mjane anapewa 2,970,000 badala ya 3,000,000, na shilingi 30,000 zimepotea bila mwizi. Iache 1/9 kama ilivyo mpaka hatua ya mwisho, ndipo ugawanye 27,000,000 kwa 9.