Filamu yenye ilimuacha muuaji aseme

Kuko filamu moja yenye sisi watu wa Kisangani tulipaswa kuiona zamani. Inaitwa Der lachende Mann, ni kusema « Mtu mwenye kucheka ». Walter Heynowski na Gerhard Scheumann waliitoa mwaka 1966 mu Ujerumani ya Mashariki.

Mwenye kucheka ni Siegfried Müller, « Kongo-Müller ». Alikuwa askari wa Hitler. Mwaka 1964 akaja kwetu kama mamluki, wale wazee wanaita mersenere, mu Commando 5 ya Mike Hoare. Yeye alipigana upande wa Boende. Lakini wenzake wa Commando 5 njo waliingia hapa Stanleyville tarehe 24 Novemba 1964, siku moja na makomando wa Ubelgiji wenye walirushwa toka ndege za Marekani.

Heynowski na Scheumann hawakumuambia Müller kama wanatoka Mashariki. Walimukalisha mbele ya kamera na uniforme yake na Msalaba wa Chuma, medali ya vita ya Hitler. Wakamutilia Pernod, glasi juu ya glasi, wakamuuliza polepole. Akasema yote akitabasamu: vita ya Kongo kwake ilikuwa kulinda Ulaya. Hakuna mwenye anamutukana. Hakuna haja!

Mwaka ule ule, Waitaliano Jacopetti na Prosperi walitoa Africa Addio. Nao walifuata mamluki wa Kongo, lakini kamera yao inatembea nyuma ya bunduki kama rafiki yake. Mimi naona ile ni filamu ya aibu.

Hata ya Müller iko na pengo: Mkongomani tunamuona mu picha, mara mingi maiti, lakini mwenye kusema ni muzungu. Na hapa Makiso, ya 1964 tunasikia kwanza wazungu wenye Simba walifungia mu Hoteli Victoria, wengine wakauawa barabarani. Ni kweli, na Simba waliua Wakongomani wengi pia. Lakini wenye waliuawa na mersenere, nani anataja majina yao?

Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alionyesha namna ya kufanya. Mu En route pour le milliard (2020), walemavu wa Vita ya Siku Sita ya Juni 2000 wanasema wenyewe, tena kwa sauti kubwa.

Mwenye alikuwa na miaka 10 mu 1964 leo amepita 70. Kijana mwenye simu anaweza kuanza juma hili, kwa babu yake.