Utambuzi wa Bakteria wa Tumbo kwa Mbwa Wanaofugwa na Namna Wanavyoenea: Mtazamo wa Kaya za Kiseke, Mwanza

1.0 Utangulizi

Katika Kata ya Kiseke, Manispaa ya Ilemela, kama ilivyo katika makazi mengi ya mijini nchini Tanzania, mbwa hufugwa hasa kwa ajili ya ulinzi. Mwanakaya anapogundulika kuwa na vidonda vya tumbo, huweza kuzuka shaka kwamba mbwa ndiye chanzo. Makala haya yanafafanua ni kwa kiasi gani shaka hiyo ina msingi.

2.0 Bakteria Wanaohusika

Mwaka 1893, mtabibu wa Italia Giulio Bizzozero alieleza kuwapo kwa bakteria wenye umbo la parafujo katika tumbo la mbwa. Spishi mojawapo, Helicobacter bizzozeronii, ilipewa jina lake. Nyingine ni Helicobacter felis na Helicobacter salomonis. Hizi ni tofauti na Helicobacter pylori, iliyooteshwa maabara na Barry Marshall na Robin Warren nchini Australia mwaka 1982, ambayo makazi yake makuu ni tumbo la binadamu.

3.0 Utambuzi

Mbwa hutiwa nusukaputi, kisha vipande vidogo vya utando wa tumbo huchukuliwa kwa mpira wenye kamera. Kipande huwekwa katika mchanganyiko wenye urea. Kimeng'enya cha bakteria, ureasi, huivunja urea na kutoa amonia, na rangi hubadilika kutoka njano kuwa waridi. Kwa kuwa bakteria hawakusambaa kwa usawa, vipande huchukuliwa sehemu kadhaa. Aidha, mbwa aliyepewa viuavijasumu karibuni anaweza kutoa jibu hasi lisilo sahihi.

Kipimo hicho huonesha kuwapo kwa bakteria, lakini hakitaji spishi. Kuitambua huhitaji kipimo cha vinasaba, yaani PCR. Zaidi ya hayo, mbwa wengi wenye afya njema hubeba bakteria hawa. Hivyo, jibu chanya pekee halithibitishi kwamba ndio wanaomfanya mbwa atapike au akonde. Minyoo na maradhi mengine hayana budi kuchunguzwa pia.

4.0 Uenezi

Miongoni mwa mbwa, njia zinazodhaniwa kuwa kuu ni mate, matapishi na kinyesi. Mbwa jike huweza kuwaambukiza watoto wake anapowalamba. Kwa binadamu, Helicobacter pylori huenea zaidi kati ya mtu na mtu ndani ya familia, hasa utotoni. Spishi za mbwa huonekana kwa binadamu pia, lakini kwa nadra.

5.0 Hitimisho

Kutokana na maelezo hayo, kumtupa au kumuua mbwa hakumponyi mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Mgonjwa huyo anahitaji kupimwa hospitalini. Vilevile, kumpa mbwa asiye na dalili viuavijasumu vya dukani huchochea usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kinachofaa ni kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa, kutenga vyombo vyake, kuzoa kinyesi na kuwazuia watoto wasilambwe mdomoni.