Uwiano Si Kiasi: Istilahi za Isotopu za Oksijeni katika Jotoardhi

Neno jotoardhi limekwisha kukubalika, na sasa limo katika jina la Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania iliyoundwa mwaka 2013. Lakini taarifa za wataalamu wa fani hiyo zina istilahi nyingine ambazo, zikifasiriwa vibaya, zaweza kupotosha uamuzi wa kuchimba kisima, kazi igharimuyo fedha nyingi. Makala haya yaeleza mojawapo: uwiano wa isotopu za oksijeni.

Kila atomu ya oksijeni ina protoni 8 katika kiini chake. Zinazotofautiana ni nyutroni: atomu nyingi zina 8, chache zina 9 au 10. Aina hizo tatu ndizo isotopu, nazo huitwa oksijeni-16, oksijeni-17 na oksijeni-18. Kwa hiyo “oksijeni nzito” si elementi nyingine, wala si uchafu. Ni oksijeni-18, ambayo ni takribani atomu 1 katika kila 500.

Mwaka 1947 mwanakemia Harold Urey wa Marekani alionyesha kwamba mgawanyo wa isotopu baina ya vitu viwili hutegemea joto. Tuchukue kalisiti, madini ya chokaa, iliyojengeka ndani ya maji. Kalisiti hupata oksijeni-18 zaidi kuliko maji hayo. Kwenye nyuzi za Sentigredi 25 tofauti ni karibu sehemu 28 kwa elfu. Kwenye nyuzi 250 hupungua hadi karibu 7. Hivyo madini huwa kama kipimajoto, mradi uwiano wa maji nao ujulikane, na madini na maji viwe vimekaa pamoja hata mgawanyo ukatulia.

Sharti hilo la mwisho laonekana wazi katika Nyanda za Juu Kusini. Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Igawa, akapita Mbeya na kuendelea magharibi, hufika kwenye chemchemi za moto za Songwe. Hapo maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi yafikapo juu, na chokaa hujitenga kwa haraka, ikafanya mwamba uitwao travetini. Mwamba huo hauwezi kutupa joto la vilindini, kwani ulijengeka juu ya ardhi. Kwa ajili hiyo hutakiwa madini yaliyotolewa kwa kuchoronga, kutoka kina kinachojulikana.

Sasa yafaa mfasiri azingatie mambo matatu. Kwanza, asiandike “kiasi cha oksijeni” mahali pa “uwiano wa isotopu”. Kalisiti, ijengeke katika joto au baridi, ina atomu 3 za oksijeni kwa kila atomu 1 ya kalsiamu: kiasi hakibadiliki, uwiano ndio ubadilikao. Pili, “sehemu kwa elfu” isigeuzwe kuwa “asilimia”, maana tarakimu ileile itakuwa imekuzwa mara 10. Tatu, alama ya kutoa mbele ya tarakimu haina maana kwamba oksijeni-18 haimo. Maana yake ni kwamba imo kwa uwiano mdogo kuliko katika kipimo cha kulinganishia, ambacho kwa maji ni maji ya bahari. Maji ya mvua kwa kawaida huwa na alama hiyo.

Mtumishi wa serikali asomaye taarifa hiyo kwa Kiswahili hana budi kuliona jambo lilelile aliloliona mtaalamu aliyelipima.