Tochi Inayofika Mbali Haioni Karibu

Mchuuzi wa tochi anayeijua kazi yake haanzi na maneno. Jioni, taa za Kariakoo zinapoanza kuwaka, anachukua tochi moja mezani, anaielekeza kwenye jengo la mtaa wa pili, na duara jeupe linatua kwenye dirisha la ghorofa ya tano. Mteja anatazama juu, anaridhika, anatoa hela. Ni nadra kumsikia mtu akiomba ielekezwe chini, kwenye miguu yake mwenyewe, ingawa huko ndiko itakakomulika karibu kila usiku baada ya kufika nyumbani.

Kila tochi ya LED, ya bei chee au ya bei ya kutisha, imekwisha kuamua kwa niaba ya mnunuzi mwanga wake uende wapi. Zipo zinazoukusanya uwe mwale mwembamba wa kwenda mbali, na zipo zinazouacha utawanyike ufunike uwanja mzima ulio mbele yako. Za kwanza nitaziita tochi za masafa, za pili tochi za mwanga mpana. Muuzaji atakwambia ile inayofika mbali ndiyo yenye nguvu. Si lazima iwe hivyo.

Kwenye boksi kuna namba kubwa ya lumeni. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye tochi, wa pande zote ukijumlishwa pamoja. Umekwenda wapi, hazisemi. Kinachosema ni kandela, kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja, na hicho aghalabu hakiandikwi kabisa, au kimeandikwa kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Chukua tochi mbili zinazotoa lumeni 300 kila moja. Ya kwanza imezibana ndani ya mwale wenye upana wa digrii 10, na hesabu inatoa takriban kandela 12,500. Ya pili imezitawanya kwenye upana wa digrii 120, na hesabu inatoa kandela 95 hivi. Betri ni ileile, mwanga ni uleule, lakini kwa ukali wa mwale moja imeizidi nyingine mara 130.

Mwaka 2009 zilitolewa huko Marekani kanuni za kupima tochi zinazojulikana kwa jina la FL 1, na tochi za kampuni makini huwa na alama zake kwenye boksi. Kwa kanuni hizo, masafa ya tochi yanaishia pale mwanga wake unapofifia hadi luksi 0.25, yaani kiasi cha mbalamwezi pevu ya usiku usio na mawingu. Kuyakokotoa ni rahisi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa 2. Tochi yetu ya kwanza itafika mita 224 hivi. Ya pili haifiki hata mita 20. Mimi namba hiyo ya masafa huigawa kwa mbili kabla ya kuiamini, kwa kuwa mwanga wa mbalamwezi unatosha kuona kwamba pale mbele kuna kitu, hautoshi kukujulisha kama ni ndama au kisiki. Ukisimama kwenye nusu ya umbali, mwanga unakuwa mara nne. Sheria hiyohiyo ikigeuzwa ndiyo inayowatoa jasho mafundi: anayetaka masafa mara mbili lazima apate kandela mara nne.

Kuhusu namba za boksi, fizikia inatosha kuziumbua bila hata kuiwasha tochi. LED nzuri ya leo, ikiwa ndani ya tochi, hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja ya umeme. Tochi ya kiganjani yenye betri moja iliyoandikwa lumeni 100,000 ingehitaji karibu wati 700 au zaidi, umeme wa kutosha kupasha pasi ya nguo. Betri ya 18650, ile ya duara yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hubeba saa-wati 10 au 12 hivi. Hata kama ingeweza kuumwaga umeme huo wote bila kuungua, ingekauka ndani ya dakika moja hivi. Betri hizohizo huuzwa zikiwa zimeandikwa uwezo wa mAh 6,800 au 9,900, ilhali zile bora za ukubwa huo kwa kawaida huishia karibu na mAh 3,600. Anayedanganya kuhusu betri hatakuwa mkweli kuhusu lumeni.

Sasa tuingie ndani ya kichwa cha tochi, maana humo ndimo masafa yanamotengenezwa.

David Misell, Mwingereza aliyekuwa akiishi New York, alipopata hataza ya tochi yake Januari 1899, aliweka betri kavu ndani ya bomba la karatasi, na mbele akafunga balbu ndogo na kiakisi cha shaba. Balbu ya waya ilimulika kila upande, hata kwenda nyuma, kwa hiyo bila kiakisi mwanga mwingi ungepotelea ndani ya tochi yenyewe. Umbo linalofaa kwa kazi hiyo ni parabola: nuru ikitoka kwenye nukta moja maalumu ndani ya kikombe hicho, popote itakapogonga itatoka imenyooka, sambamba na wenzake. Ukiisogeza balbu kidogo kutoka kwenye nukta hiyo, miale inaachana. Waliokua na zile tochi za chuma za betri kubwa mbili au tatu wanakumbuka kichwa chake kilivyokuwa kikizungushwa ili kupanua mwanga, na ile pete yenye kiza katikati iliyokuwa ikitokea ukutani.

LED haina tabia ya balbu. Ni kipande bapa: chipu inayotoa nuru ya buluu, ikafunikwa tabaka la unga wa manjano, na rangi hizo mbili zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Chipu ya buluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa kuwa imekaa juu ya kibao, LED humulika upande wa mbele tu, na mwanga wake hutanuka kiasi cha digrii 120. Kwa maneno mengine, LED kwa asili yake ni taa ya mwanga mpana. Anayetaka tochi ya masafa ndiye mwenye kazi ya kuibadilisha.

Kazi hiyo ina mpaka ambao hakuna lenzi wala kiakisi kinachoweza kuuvuka. Huwezi kuufanya mwanga uwe mkali kuliko uso wa chipu ulikotoka. Unachoweza ni kuufanya ukali uleule uonekane kwenye eneo kubwa zaidi: mtu aliyesimama mbali, katikati ya mwale, hukiona kichwa kizima cha tochi kinawaka kwa ukali wa chipu. Kandela basi hutokana na mambo mawili yanayozidishwa pamoja, ukali wa uso wa chipu na eneo la kichwa cha tochi. Kipenyo cha kichwa kikiwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na masafa yanakuwa mara mbili. Ndiyo maana tochi za kufika mbali huwa na kichwa kikubwa na chipu ndogo. Ukiona tochi nyembamba inayoingia mfukoni, yenye chipu tano au sita zilizosongamana, huku boksi likitaja kilomita, mrudishie mwenyewe. Chipu nyingi huongeza lumeni, lakini mwanga wake unatoka kwenye uso mpana, nao hutawanyika.

Zile tochi ambazo kichwa chake huvutwa mbele na kurudishwa nyuma zina ujanja wake. Ndani kuna lenzi moja nene mithili ya nusu ya gololi. Kikirudishwa nyuma, lenzi iko karibu na LED na mwanga unatoka mpana, umetandazwa sawasawa, mzuri kweli. Kikivutwa mbele, ukutani unatokea mraba mdogo wenye mistari: hiyo ni picha ya chipu yenyewe, imekuzwa. Wateja huupenda mraba huo wakidhani nguvu yote imekusanyika pale. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga imekosa lenzi na kufia kwenye kuta za ndani ya kichwa, na betri inaendelea kuulipia.

Yote hayo yanahusu nusu ya jambo. Nusu ya pili ni jicho.

Kwenye retina kuna seli za umbo la koni zinazotambua rangi na mambo madogomadogo mwanga ukiwa wa kutosha, na seli za umbo la fimbo zinazofanya kazi gizani. Hizi za pili huhitaji dakika 20 hadi 30 za giza ili zifikie uwezo wake wote, na mwanga mkali wa ghafla huzipotezea uwezo huo mara moja. Mwale mwembamba ukigonga ardhi hatua tatu mbele yako, unatengeneza kiduara kinachong'aa. Jicho linajirekebisha kwa kiduara hicho, na kila kilicho nje yake kinakuwa cheusi kuliko kilivyokuwa kabla hujawasha tochi. Pembe za jicho, zinazokujulisha kuna kitu kinasogea kushoto au shimo kulia, hazina cha kuona.

Kwenye njia ya kijijini jambo hili lina uzito. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa, na wengi wanaoumwa na nyoka huumwa mguuni, chini ya goti. Kifutu ni nyoka asiyekimbia akisikia hatua. Hutulia palepale, akiitegemea ngozi yake inayofanana na majani makavu. Na macho ya nyoka hayarudishi mwanga kama ya paka, kwa hiyo hayatakuonya. Anayeweza kumwona ni mtu mwenye mwanga mpana, uliotandaa mita nne au tano mbele yake, upande hadi upande.

Mamba ni kinyume chake. Nyuma ya retina yake kuna tabaka linaloakisi nuru, ikarudi ilikotoka, na macho yake yakawaka mekundu juu ya maji. Watafiti huwahesabu usiku kwa njia hiyo, wakipitisha mwale wa masafa ukingoni mwa mto. Sharti ni moja: tochi iwe karibu na usawa wa macho yako, kwa kuwa nuru inarudi kwenye njia ileile iliyojia. Ukiishika kiunoni unaweza kumkosa mamba anayekutazama.

Kwenye ukungu, kama ule wa Lushoto au Limuru, tochi ya usawa wa macho inakuwa adui. Matone madogo ya maji yanakurudishia mwanga usoni, na mbele unaona ukuta mweupe. Tochi ya kichwani yenye mwanga mpana ndiyo mbaya zaidi hapo. Wapandaji wa Kilimanjaro, wanaoondoka kambi za Barafu au Kibo karibu na saa sita usiku ili wafike kilele cha Uhuru alfajiri, hukutana na tatizo hilo kwa pumzi yao wenyewe, inayogeuka mvuke mweupe mbele ya taa. Dawa ni mwale mwembamba, ushikwe chini, mbali na uso. Kukiwa kweupe, mpandaji hahitaji zaidi ya kuona visigino vya aliye mbele yake, na mwanga mpana hafifu unamtosha. Wa kuwa na tochi ya masafa ni kiongozi wa msafara.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wanahitaji zote mbili ndani ya mtumbwi mmoja. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, taa huachwa zielee majini ili kuwavuta wadudu na viumbe vidogo, na dagaa huwafuata. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karabai. Sasa LED zimeshika sehemu kubwa. Taa hiyo lazima iwe ya mwanga mpana, kwani mwale mwembamba ungetoboa kijishimo kimoja cha nuru majini na kuyaacha maji mengine gizani. Lakini kulitafuta boya lililochukuliwa na upepo ni kazi ya masafa, na taa ya kuvutia dagaa haiwezi kuifanya.

Mlinzi wa shamba, mfugaji anayesikia fisi ng'ambo ya zizi na nahodha wa boti basi wanunue tochi ya masafa, yenye kichwa kipana na kandela zilizoandikwa, na mfukoni waongeze ndogo ya mwanga mpana. Sisi wengine, ambao tochi yetu ni ya umeme uliokatika, njia ya kutoka dukani, kuangalia kuku na kubadilisha tairi, tunahitaji mwanga mpana wa lumeni 200 au 300 za kweli. Kama tayari unayo ya masafa, umeme ukikatika isimamishe ikitazama dari nyeupe. Dari itakutawanyia mwanga chumba kizima. Nyumba isiyo na dari, tumia ukuta uliopakwa chokaa.

Uliza pia kama inaweza kupunguzwa. Lumeni 20 zinatosha kwenda chooni usiku bila kuwaamsha watoto, na betri moja nzuri ya 18650 inaweza kuzitoa kwa takriban saa 50.