Usingizi wa Mjamzito Haydom: Pesa Ianzie Wapi?

Mume akishauza mahindi au ng'ombe mnadani, na mke ana mimba ya miezi sita, shauri la kwanza huwa godoro jipya. Si shauri baya, ila ndilo linalokula pesa nyingi kuliko yote.

Dukani muuzaji atakutajia unene: inchi 4, 6, 8. Unene haukusaidii kitu kama sponji ni nyepesi. La inchi 8 lililo laini hubonyea katikati mapema, na mwenye tumbo kubwa akizama humo, kujigeuza tu ni kazi. Afadhali la inchi 6 lililo gumu kiasi. Likandamize kwa goti uone linavyorudi. Na kama la zamani halijafanya shimo, ligeuze upande wa pili, pesa ibaki mfukoni.

Mito ndiyo yenye faida ya haraka. Kuanzia wiki ya 28 mjamzito hushauriwa kulala kwa ubavu, kwa sababu akilala chali mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Ubavu wowote unafaa. Akizinduka na kujikuta chali, ajigeuze tu, asiingiwe na hofu. Mto mmoja ukae kati ya magoti, mwingine mgongoni. Ile mirefu yenye umbo la U inayouzwa mijini kwa wajawazito hufanya kazi hiyohiyo kwa bei kubwa zaidi. Vitenge vikuukuu vilivyokunjwa ndani ya foronya havigharimu kitu.

Halafu kuna baridi. Haydom iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku hukaza kweli. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, kwa kuwa mkaa upo na blanketi la pili halipo. Gesi ya mkaa huo haina harufu, huchukua nafasi ya oksijeni katika damu ya mama na ya mtoto tumboni, na huua watu wakiwa usingizini. Hapa sipimi bei: nunua blanketi, hata la mtumba.

Chandarua usikinunue kabla ya kuuliza kliniki, maana mjamzito hupewa chenye dawa bila malipo. Anayeishi chini bondeni, kama Yaeda Chini, ndiye asiyepaswa kukikosa. Vidonge vya kuongeza damu navyo hutolewa hukohuko. Upungufu wa madini ya chuma huweza kuifanya miguu isitulie usiku, kila ukiilaza inataka kutikiswa. Vidonge hivyo usivimeze na chai, kwani chai huzuia madini hayo kuingia mwilini, na ya jioni hufukuza usingizi. Udongo wa kutafuna hauchukui nafasi ya vidonge hivyo; pesa yake ni hasara tupu. Dawa za usingizi za dukani usiziguse bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Hayo yote hayafui dafu kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kufuata maji. Analala amechelewa, usiku anaamka kukojoa mara kadhaa, na saa za asubuhi ambazo zingemfidia anazimalizia njiani na dumu la lita 20. Kwa hiyo, kabla ya kulipia godoro, gawanya bei yake kwa bei ya dumu moja linaloletwa na punda hadi mlangoni. Jibu ni idadi ya madumu ambayo mama hatayabeba, na huenda likatosha miezi yake ya mwisho. Mimi ningenunua maji. Mama mkwe atasema wao walibeba mpaka siku ya uchungu. Ni kweli, ila hakuna aliyewauliza kama walilala. Na mume mwenye pikipiki uani hana hata haja ya kukodi punda.