Paneli Ndogo ya Sola: Usiiunge Moja kwa Moja na Betri

Vijana wengi wanaopenda kujiundia redio na taa hutumia paneli ndogo za sola pamoja na betri zilizotolewa kwenye laptopu kuukuu. Ni kazi ya kutiwa moyo, ila hatari iko kwenye betri. Betri moja ya lithiamu ya aina hiyo haifai kuchajiwa kupita volti 4.2, ilhali paneli ya volti 6 hupita kiwango hicho kwa urahisi juani. Ukiziunganisha moja kwa moja, betri iliyojaa huzidi kuchajiwa, hufura na yaweza kushika moto.

Weka kidhibiti chaji katikati. Ni kibao kidogo cha bei nafuu kinachokata umeme betri inapojaa. Muulize fundi kinastahimili volti ngapi, kwani paneli ya volti 12 isiyobeba mzigo hufikisha zaidi ya 20, na vibao vingi vidogo huungua.

Epuka kivuli pia. Jani moja likifunika sehemu ya paneli, umeme hupungua sana.

Betri iliyokwisha kufura usiichaji tena, usiitoboe wala usiitupe motoni.